Nilimlipa mtaalamu aje apime kazi kiwandani kwangu Kigoma: nilichobaki nacho na nilichorudisha

Kifurushi nilichonunua kilikuwa na vitu vitatu: mafunzo ya wiki moja yanayofanyika hapo hapo kiwandani, mashine ya kusajili mahudhurio kwa alama ya kidole, na programu ya simu ya kufuatilia utendaji wa kila mfanyakazi kwa mwaka mzima. Bei ya kutajiwa, milioni moja na laki nane. Tukavutana, tukaishia milioni moja na nusu, nusu mwanzo na nusu kazi ikiisha. Nauli, malazi na chakula cha mtaalamu vilikuwa juu yangu, na huku kwetu ni mwisho wa reli, kwa hiyo hesabu hiyo msiidharau.

Jina la kampuni nitalihifadhi. Kijana waliyemleta ni muungwana, watu wangu wa kiwandani bado wanamuulizia, na nina maneno makali kidogo juu ya bidhaa zao. Sitaki ionekane namharibia mtu riziki.

Kwa wasionifahamu, nina kiwanda cha sabuni ya miche hapa Gungu, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Wafanyakazi ni 14. Sera ya viwanda na biashara ndogo ya mwaka 2003 inasema mwenye watu 5 hadi 49 ni mdogo, basi sisi ni wadogo wenye cheti. Mawese tunayapata kwa madumu ya lita 20 kutoka vijijini, mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, hivyo hivyo, na kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inatoka Dar. Sabuni inauzwa soko la Mwanga na Ujiji, na nyingine inashuka Kibirizi kupanda boti za kwenda Burundi na Kongo.

Kilichonifanya nitoe pesa ni hiki. Mpiko wetu haubadiliki: madumu matatu ya mawese, moja la mise, kostiki na maji kwa kipimo kile kile. Lakini leo mpiko unatoa miche 104, kesho unatoa 92. Tofauti ya miche 12 kwa bei ya jumla ya shilingi 2,500 ni elfu 30, na hiyo ni mpiko mmoja tu. Ukiuliza, mkorogaji anasema mkataji anakata vibaya. Mkataji anasema mawese yaliletwa na maji ndani. Wa kufungasha anasema yeye kaletewa hivyo hivyo. Kila mtu ana maelezo, na kila mtu ukimsikiliza peke yake unaona kasema kweli.

Nilitegemea mtaalamu akifika ataanza na makaratasi. Hakuanza nayo. Asubuhi ya kwanza aliomba beseni, kilo nne za maharage meupe na kilo moja ya mekundu, akayachanganya mbele yetu. Kwenye begi alikuwa na kibao chenye vishimo 50. Akasema: haya maharage ni sabuni, meupe ni nzima, mekundu ni mbovu, na kila mmoja wenu leo ni mfanyakazi wangu. Unachovya kibao kwenye beseni, unakitoa, tunahesabu mekundu. Akanipa mimi kazi ya kuandika.

Mkataji wangu mmoja, kijana mwenye maneno, alitoa mekundu 14. Mtaalamu akamkaripia kwelikweli, akamwambia akaze buti au aende kwao. Mama mmoja wa kufungasha akatoa 6, akapigiwa makofi na kupewa soda. Raundi ya pili yule mama akatoa 13, akaulizwa kama sifa zimempanda kichwani. Mkataji naye akapata 8, akasifiwa kwamba kumbe akikemewa anafanya kazi. Raundi ya tatu watu walishaanza kuchovya kwa uangalifu, wengine wanazungusha kibao taratibu, mwingine anafumba macho, wote wakitafuta namna ya kuyakwepa mekundu. Hayakwepeki. Mkorogaji, mzee ambaye kwa kawaida hasemi, akaweka kibao chini akauliza: "Sasa mwanangu, sisi tunafanyaje, si ndiyo yaliyomo humo kwenye beseni?"

Mtaalamu akacheka, akasema hilo ndilo somo zima, tunaweza kwenda kunywa chai.

Baadaye alitueleza asili yake. Mchezo ni wa W. Edwards Deming, Mmarekani aliyealikwa Japani mwaka 1950 kufundisha wahandisi na wakuu wa viwanda kudhibiti ubora kwa takwimu. Yeye alitumia shanga, nyekundu moja kwa kila tano. Maana yake ni kwamba tofauti nyingi unazoziona kati ya mfanyakazi na mfanyakazi hazitoki mikononi mwao, zinatoka kwenye malighafi, kwenye mashine, na kwenye utaratibu aliouweka mwenye kiwanda. Ukitoa zawadi na adhabu kabla hujalikagua beseni, unagawa bahati na kuiita haki.

Kwa nusu siku hiyo peke yake, mimi nasema pesa ya mafunzo imerudi.

Siku iliyofuata tukaanza kupima. Akasema tusimpime mtu, tuipime sabuni inakopotelea. Mzani wangu mkubwa una mhuri wa Wakala wa Vipimo, ule mdogo wa mezani hauna, basi akataka mdogo tuujaribu kwanza kwa mawe ya mizani ndipo tuuamini. Tukapima kila kitu kinachoingia kwenye pipa, kinachobaki kwenye kuta za pipa baada ya kumimina, kinachobaki kwenye boksi la kugandishia, na kila mche uliokatwa, mmoja mmoja, wote. Watu walilalamika. Kazi ilikwenda polepole mpaka nikaanza kuhesabu hasara ya kupima hasara.

Lakini tulichokiona hakikuwa kwenye mawazo ya mtu yeyote. Tuna meza mbili za kukatia, moja iko mlangoni na nyingine dirishani. Ya mlangoni ilikuwa inatoa miche yenye uzito unaokaribiana, gramu 1,000 na kidogo juu au chini. Ya dirishani ilikuwa inatoa mche wa 1,090, unaofuata wa 940, halafu wa 1,060. Mzito mno tunamzawadia mteja sabuni ya bure. Mwepesi mno tunaurudisha kwenye mabaki ukapikwe upya, maana mche chini ya uzito ulioandikwa kwenye karatasi ni ugomvi na mteja na ugomvi na Wakala wa Vipimo. Na meza ya dirishani ndiyo anayokatia yule kijana mwenye maneno, ambaye msimamizi wangu alikuwa ameshapendekeza tusimwongezee mkataba.

Mtaalamu akasema wabadilishane meza. Wakabadilishana. Yule kijana akaanza kutoa miche safi, na mwenzake tuliyekuwa tunamwita fundi akaanza kutoa 1,090 na 940. Tukawarudisha, namba zikarudi. Namba zilikuwa zinakaa na meza, watu wanapita tu. Tulipoikagua tukakuta waya wa upande mmoja umelegea, na ukikutana na sabuni ngumu unapinda katikati. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea boliti za kukazia kwa shilingi elfu 35, waya tukabadilisha, na tangu hapo meza zote mbili zinakwenda sawa. Yule kijana bado tunaye. Maneno yake pia bado tunayo.

Hapa niseme na upande wangu. Kuhusu sabuni yenyewe mtaalamu hakuwa anajua kitu, na hilo ni jambo la kuliangalia unapomwajiri mtu wa namna hii. Alitaka tuhesabu miche mizuri siku ile ile ya kukata. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba sabuni mbichi ina maji, na ikikaa kwenye chaga inapungua uzito kadiri inavyokauka. Mche wa gramu 1,000 leo si mche wa gramu 1,000 baada ya wiki mbili. Ukipima kazi ya watu kwa sabuni mbichi unapima maji. Alinisikiliza, akafuta alichokuwa ameandika, na kipimo chetu kikawa miche mizuri iliyokauka kwa kila mpiko. Sijui angemwambia nini mwenye kiwanda asiyejibu.

Kitu cha pili kizuri ni ubao. Ubao mweupe wa kawaida, maka peni na kitambaa, umetundikwa pale wanapovulia viatu. Una mistari minne: miche mizuri kwa mpiko, kilo za mabaki, muda ambao kazi ilisimama na sababu yake, na watu walioungua au kuumia. Mfanyakazi anaandika mwenyewe, msimamizi haandiki. Mzee wa kukoroga hapendi kuandika, anachora vijiti vitano vitano na kila mtu anavielewa. Kila asubuhi tunasimama mbele ya ubao dakika kumi. Hakuna kukaa, kwa sababu tukikaa kinakuwa kikao, na kikao Kigoma hakiishi bila mtu kuomba soda.

Mstari wa tatu ndio uliozaa matunda. Mimi ningeapa kwamba kazi inasimama kwa sababu ya umeme. Umeme ulikuwepo kwenye orodha, ndiyo, lakini kilichoandikwa mara nyingi kuliko vyote ni "kusubiri ufunguo". Kostiki tunaifungia stoo kwa usalama, mtunza stoo ndiye pia anayekwenda benki na sokoni, na akiwa Mwanga watu wanne wanakaa chini ya mwembe wakilipwa. Sasa kostiki ya kesho inapimwa jioni, kila mpiko na ndoo yake yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu kostiki ikiachwa wazi inavuta unyevu wa hewani na uzito unakudanganya. Ndoo zinakaa kwenye kabati lenye kufuli na ufunguo anabaki nao mkorogaji. Kwa mabadiliko hayo ya ndoo tu tulianza kupata mpiko mmoja wa ziada siku nyingi za wiki. Hakuna aliyeambiwa aongeze bidii.

Mstari wa nne nilidhani ni wa kujaza nafasi. Dada yangu ambaye ni muuguzi aliuangalia ubao akasema huu ni ule utaratibu wao wa hospitali wa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, na ndiyo, ukoo ni ule ule wa Kijapani. Kwetu umefanya watu waandike hata tone dogo lililorukia mkono. Zamani walikuwa wanaficha, wakiogopa kuonekana wazembe. Matone yalikuwa yanaruka saa ya kumimina kostiki kwenye maji, kwa sababu ndoo ilikuwa nzito na inainuliwa juu ya kifua. Tumeweka jukwaa la mbao la kusimama anayemimina.

Ningeambiwa nitoe nyota, wiki hiyo naipa tano bila kusita.

Sasa tuje kwenye mashine ya kidole. Inavutia, ina taa ya kijani na sauti ya mwanamke anayekushukuru kwa Kiingereza. Lakini watu wa sabuni wana mikono ya sabuni. Kostiki na maji ya kila siku vinalainisha ngozi ya vidole, na hata ukivaa glovu kuna siku glovu inatoboka. Mashine ilikuwa inawatambua mlinzi, mtunza stoo na mimi. Mkorogaji aliweka kidole gumba, cha shahada, cha kati, akahamia mkono wa kushoto, foleni nyuma yake inarefuka, mpaka akaniambia, "Mama, hii inataka nizaliwe upya." Umeme ukikatika saa yake inarudi mwaka 2000, kwa hiyo kwa mujibu wa ripoti kuna watu wangu waliingia kazini kabla hawajazaliwa.

Na kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja hata kidogo. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na alama ya kidole ni taarifa ya mtu, si mali ya mwenye kiwanda. Ukiikusanya unawajibika kusema unaikusanya kwa ajili ya nini, unaitunza wapi na nani anaiona, na kuna tume ya kujisajili. Nilipouliza alama zinahifadhiwa wapi nikajibiwa "kwenye mfumo". Mashine nikaifunga kwenye boksi lake. Watu 14 wanaoingia mlango mmoja ninawaona kwa macho, na daftari la mahudhurio la shilingi elfu nne linafanya kazi hata giza likiingia.

Programu ya simu ndiyo iliyonikera zaidi, kwa sababu ilikuwa inabomoa kile maharage yalichojenga. Kila mfanyakazi ana picha yake na rangi: kijani, njano au nyekundu. Msimamizi anajaza kila jioni alama 1 hadi 5 za nidhamu, ubunifu, ushirikiano na moyo wa kujituma, programu inajumlisha na kupanga watu kuanzia wa kwanza hadi wa 14. Wa 14! Kijana aliyetufundisha Jumatatu kwamba beseni ndilo lenye mekundu, Ijumaa anatuuzia kifaa cha kuhesabu nani kachovya vibaya. Nilimwambia hivyo hivyo usoni. Akanijibu kwa upole kwamba programu inatengenezwa na watu wengine wa kampuni, yeye ni wa mafunzo. Nilimwamini, lakini ankara ni moja.

Jiulize mwenyewe, ubunifu wa mtu anayepanga miche kwenye boksi utaupa ngapi? Msimamizi wangu, baada ya kusimama kutwa nzima, alikuwa anakaa saa kumi na mbili jioni na simu na kuwapa wote 3, isipokuwa yule aliyemuudhi mchana. Mume wangu ni mtumishi wa umma, wamepita kwenye ule Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi ulioanza mwaka 2004 na sasa wako kwenye wa kielektroniki. Alipoiona programu yetu aliuliza swali moja: "Malengo mliyokubaliana mwanzo wa mwaka yako wapi?" Hayakuwepo. Serikalini angalau unakaa na mkuu wako mnaandikishana kazi gani itafanyika, ndipo upimwe kwa hiyo. Hii yetu ilianzia kwenye alama.

Menyu zake zote ni za Kiingereza, inakula bando, na bila mtandao haihifadhi ulichojaza. Hayo ni madogo, yanaweza kurekebishwa.

Kubwa ni bonasi. Programu ina sehemu ya kuweka malipo ya ziada, na pendekezo lake kwa viwanda vya kukata ni kulipa kwa kila kipande kilichokatwa. Kampuni ilisisitiza tujaribu mwezi mmoja. Wakataji wakafurahi, namba zikapanda, chati ikawa kijani tupu. Kwenye chaga hali ilikuwa nyingine. Sabuni ikimiminwa kwenye boksi inahitaji kukaa usiku mzima igande sawasawa. Ukisubiri, waya unapita vizuri na kona za mche zinakaa. Wakataji walikuwa wanafungua boksi mapema, sabuni ikiwa bado laini kama ugali wa moto, kwa sababu laini inakatika haraka. Mche laini ukipangwa unapinda, mhuri unazama upande mmoja, na ukikauka unakunjamana. Mteja wangu mmoja wa Kibirizi alirudisha katoni akisema Wakongo wanauliza kama sabuni imeketiwa. Wafungashaji, ambao kwa siku zote hizo hawakuwa na bonasi yoyote, ndio walikuwa wanatupa miche iliyopinda, na kila wakitupa wakataji wanawanunia. Nikawa na kiwanda chenye pande mbili.

Siwalaumu wakataji. Waliambiwa kipande ni pesa, wakatengeneza vipande. Tulipobadilisha, tukaweka bonasi moja ya timu nzima inayotokana na miche mizuri iliyokauka na mabaki kushuka, na wote 14 wanaipata kwa kiwango kimoja, mlinzi akiwemo. Kuna waliosema mlinzi hakati sabuni. Mzee wa kukoroga akawajibu kwamba mlinzi ndiye anayezuia mawese yetu yasitembee usiku, na mjadala ukaishia hapo. Kiasi chenyewe si kikubwa, kinatosha mtu kununua mchele wa sikukuu, lakini siku hizi mfungashaji akiona boksi limefunguliwa mapema anapiga kelele kabla sijafika.

Lazima nitaje pia folda la fomu, kwa sababu hapa mtu anaweza kuingia matatani. Ndani yake kulikuwa na "fomu ya makato ya hasara": sabuni ikiharibika, thamani yake inatolewa kwenye mshahara wa aliyeharibu mwisho wa mwezi, msimamizi anasaini, basi. Ndugu zangu, msiitumie fomu ya namna hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, imeweka masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, umwandikie sababu, kiasi na jinsi ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, deni lisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Fikiria ningemkata yule kijana wa meza ya dirishani kwa waya wangu uliolegea.

Na kumwachisha mtu kwa sababu ya utendaji dhaifu kuna njia yake, iko kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007. Kwa ufupi, mfanyakazi awe alikijua kiwango kinachotakiwa, kiwango chenyewe kiwe kinafikika, apewe maelekezo na muda wa kujirekebisha, asikilizwe. Ukiruka hatua, ana siku 30 za kulipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko rangi nyekundu kwenye simu ya msimamizi wako haitakusaidia. Hapa ubao una thamani ambayo hata muuzaji hakuiona. Tunaupiga picha kila jioni, una tarehe, una mwandiko wa mfanyakazi mwenyewe. Nikifika mahali pa kukaa na mtu kumwambia kazi yake hairidhishi, sote wawili tunaangalia kitu kile kile.

Nimeshakaa na mtu namna hiyo. Alikuwa mfungashaji ambaye katoni zake zilikuwa zinapungua mche mmoja mmoja, na ilikuwa ni yeye kweli, si meza, maana tulimhamisha na upungufu ukamfuata. Tulizungumza, nikamwelekeza apange safu kwa kuhesabu kwa sauti, nikampa muda. Ikabainika macho yake hayaoni vizuri karibu. Miwani ya kusomea ilimaliza kesi. Mwingine wa kuchelewa, hakurekebishika, tukaachana kwa kufuata hatua zote na tunasalimiana sokoni.

Huduma baada ya kuuza ni ya wastani. Simu zinapokelewa, ila ukiuliza juu ya programu unaambiwa subiri toleo jipya. Vitabu vya mafunzo vililetwa kwa Kiingereza ingawa kijana alifundisha kwa Kiswahili kizuri, na nusu ya watu wangu wamevitumia kufunika daftari.

Kwa nani naipendekeza? Kama una watu watano au zaidi, kazi inayojirudia, na unahisi hasara bila kujua inatokea wapi, mlete mtaalamu kwa ile wiki ya kwanza. Kwa fundi seremala mwenye vijana watatu anaofanya nao kazi meza moja naona ni gharama bure, anunue mzani na ubao. Kabla hujalipa nenda kwanza ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ukaulize wana mafunzo gani ya uzalishaji kwa wakati huo, inawezekana ukapata sehemu ya haya kwa bei nafuu.

Ukiamua kuchukua kampuni, andikianeni. Mimi niligoma kutoa nusu ya pili mpaka mashine iondoke. Wakaichukua, wakapunguza laki tatu, nikamalizia laki nne na nusu iliyobaki. Omba bei ya mafunzo peke yake, ipo, ila hawaitaji mpaka uiulize. Sema mapema kwamba unataka aje wiki ya uzalishaji kamili, si wiki ya mawese haba, ili aione kazi ikiwa imebana. Vitabu viwe vya Kiswahili. Na maharage umwambie atayakuta, aje na kibao tu.